Jamani, Hizi Pedi! MPD218 Juu ya Kishikwambi, Hapa Singida

Gonga pedi ya chini kushoto kwa nguvu, besidramu inapasuka kwenye sabufa hadi bati la banda linaitikia. Gusa pedi ileile kwa ncha ya kidole, ngoma ileile inanong'ona. Kati ya kishindo na mnong'ono huo kuna ngazi 127, na zote zinapita kwenye waya mmoja mwembamba kuingia kwenye kishikwambi ambacho hadi juzi kilikuwa kioo cha kupapasa tu. Jamani! Biti za kioo nimetengeneza kitambo, nimeuza, nimelipwa. Lakini kioo hakijui kama umegonga kwa hasira au kwa huruma. Apple walijaribu ujanja kwenye GarageBand ya iPad tangu 2011, kishikwambi kikapima mtikisiko wake chenyewe na kukisia nguvu ya kidole. Ujanja mzuri, lakini ni kukisia. Pedi hizi hazikisii.

Kifaa chenyewe ni Akai MPD218. Wanaofuatilia vifaa watanicheka: kitu cha mwaka 2015 unatuletea leo kama habari mpya? Ndiyo, nawaletea kama habari mpya, kwa sababu mikononi mwangu kimefika sasa, Singida mjini, kimelala kwenye buti la basi karibu kilomita 700 kutoka Kariakoo. Na kwa sababu karibu kila kinachoandikwa kuhusu vifaa hivi kinaandikwa na watu wenye kompyuta kubwa mezani na umeme ambao hawaufikirii. Kijana wa Misuna mwenye kishikwambi, sabufa na kichwa kilichojaa midundo haandikiwi kitu. Leo zamu yake.

Boksi likifunguka unakutana na kitu cheusi, chini ya kilo moja, kinachoingia kwenye begi la shule pamoja na kishikwambi na bado daftari likapata nafasi. Kulia kuna pedi 16 za mpira mnene, nne kwa nne, zenye taa nyekundu chini yake. Kushoto kuna nobu 6 na vitufe vichache. Kitufe kimoja kinabadilisha benki ya pedi, na benki ziko 3, kwa hiyo pedi zako 16 zinageuka 48. Nobu nazo zina benki 3, zinafika 18. Hakuna skrini kabisa, na hilo nimelipenda kupita kiasi: skrini unayo tayari, tena kubwa, iko pembeni yako. Kwa nini ulipie nyingine ndogo isiyosomeka juani?

Kabla sijaendelea, swali ambalo kila anayekiona ananiuliza: sauti yake iko wapi? Haina. Ni kama rimoti ya televisheni, yenyewe haina picha hata moja. Unapogonga, inatuma ujumbe mfupi: pedi nambari fulani imegongwa, kwa nguvu kiasi fulani, kwenye chaneli fulani. Programu iliyo kwenye kishikwambi ndiyo inayopokea ujumbe huo na kutoa ngoma, sauti ya kuku, au chochote ulichoweka. Lugha ya ujumbe huo ni MIDI, ile ile iliyoonyeshwa hadharani Januari 1983, kinanda cha Sequential na kinanda cha Roland vilipounganishwa kwa waya na kimoja kikapigwa kupitia kingine. Zaidi ya miaka 40, na bado pedi ya leo na programu ya leo vinaelewana kwa nambari zilezile. Kwenye mpangilio wa kawaida wa ngoma, 36 ni besidramu, 38 ni sinea, 42 ni haihati iliyofungwa, 46 ni haihati iliyo wazi. Jua hizo nne tu na tayari una biti.

Hii nne kwa nne nayo ina historia yake. Roger Linn, Mmarekani aliyetengeneza mashine za ngoma tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alishirikiana na kampuni ya Akai ya Japani wakatoa MPC60 mwaka 1988. Pedi 16 za mpira zinazohisi nguvu ya kidole, na ndani yake uwezo wa kuyumbisha mdundo kidogo ili usisikike kama saa ya ukutani. Hip hop ikajengwa juu ya mpira huo. J Dilla wa Detroit aligonga MPC3000 yake bila kunyoosha midundo, ngoma zikabaki zinayumba kama mtu anayetembea anavyojisikia, na leo mashine hiyo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Mpira ulio mbele yangu hapa ni mjukuu wa mpira ule, isipokuwa ubongo umehamia kwenye kishikwambi na bei imeshuka hadi mtu wa kawaida akijibana anaifikia.

Na tusijifanye sisi ni wageni wa mambo haya. Dar es Salaam ya miaka ya 1990, vijana wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea watoto, wakavipitisha kwenye amplifaya hadi vikalia kwa uchungu, na mtaa mzima ukakesha. Jagwa Music walifika nao mbali, mwaka 2012 albamu yao Bongo Hotheads ikatolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Baadaye ikaja singeli, na studio kama Sisso ya Mburahati ikatoa muziki wa kasi ambayo masikio ya wengine hayakuwa yameizoea. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikaukusanya kwenye Sounds of Sisso, ukasambaa duniani. Kompyuta zao hazikuwa za kifahari. Kifaa duni na mkono usio na subira ndiyo desturi yetu hasa, na mimi nauona waziwazi mstari unaotoka kwenye Casio ya mchiriku hadi kwenye kishikwambi chenye pedi.

Sasa singeli ndiyo itakayokuonyesha kama vifaa vyako viko sawa, na hapa naomba tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Singeli inakwenda kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Chukua 240. Hayo ni mapigo manne kila sekunde, na ukigawa kila pigo mara nne unapata vidundo 16 ndani ya sekunde moja. Umbali kati ya kidundo na kidundo ni milisekunde 62 na nusu. Basi! Kama sauti yako inachelewa milisekunde 30 kutoka kidole kinapogusa hadi ngoma inapolia, umeshachelewa nusu ya kidundo. Ukiunganisha spika ya Bluetooth, ambayo mara nyingi inachelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, wewe unagonga leo, ngoma inalia kesho. Kwaya inayoimba kwa mapigo 90 itavumilia, kwa sababu kidundo chake ni karibu milisekunde 167. Singeli haivumilii.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, kabla hata hujafikiria pedi gani: sauti itoke kwa waya. Hedifoni za waya, au waya kutoka kwenye kishikwambi hadi kwenye sabufa. Milisekunde 10 si tatizo, ni muda ambao sauti hutumia kusafiri kama mita tatu na nusu hewani; mpiga ngoma wa kwaya aliyekaa nyuma anaishi na ucheleweshaji huo kila Jumapili na hajawahi kulalamika. iPad nyingi zinakaa karibu na hapo bila kuhangaika. Android imejitahidi sana: tangu toleo la 6 mwaka 2015 inapokea MIDI rasmi, na tangu toleo la 8 mwaka 2017 ina njia fupi ya sauti kwa programu zinazoitumia. Hata hivyo vishikwambi vya Android vinatofautiana mno, viwili vya bei moja vinaweza kuwa mbingu na ardhi. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji chombo. Gonga pedi kwa ukucha. Ukisikia ukucha na ngoma pamoja, uko salama. Ukisikia ukucha, halafu ngoma, rudi kwenye mipangilio ya programu ukapunguze bafa ya sauti, na kama haisaidii, tatizo ni kishikwambi na si pedi.

(Najua mnachofikiria. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyokwenda kwa walimu. Mwalimu, mimi sijasema kitu.)

Kuunganisha kwenyewe kulinishangaza kwa urahisi. iPad yenye tundu la Type-C inataka waya wa Type-C upande mmoja na ule mnene wa mraba, kama wa printa, upande wa pedi. Chomeka, taa nyekundu zinawaka, umemaliza. Hakuna kusakinisha chochote. iPad za zamani zenye tundu la Lightning zinahitaji adapta ya Apple ya kamera, na hapa chagua ile yenye tundu la pili la chaji iliyotoka 2016, kwa sababu iPad hizo hutoa umeme kiduchu na pedi kubwa hukataliwa kwa ujumbe kwamba kifaa kinatumia umeme mwingi mno. Android inataka waya wa OTG tu, ule unaouzwa hadi kwenye meza za vifaa vya simu stendi.

Ila pedi inakula kutoka kwenye betri ya kishikwambi, na pedi yenye taa inakula zaidi. Ukikaa saa za kutosha utaona asilimia zinavyoteremka. Dawa ni habu ya Type-C yenye tundu la kuingizia chaji: pawa benki upande mmoja, pedi upande wa pili, na kama umebahatika habu ina tundu la hedifoni pia, jambo muhimu mno kwa vishikwambi vipya ambavyo tundu hilo wameliondoa. Na raha yake ndiyo hii: umeme ukikatika, sabufa inanyamaza, wewe unachomeka hedifoni na biti linaendelea pale pale lilipofika. Mwenye kompyuta ya mezani anawasha mshumaa.

Programu? Nitapita haraka kwa zile mnazozijua. FL Studio Mobile ni nyumbani kwa wengi wetu, ipo Android na iOS, pedi zinaingia moja kwa moja kwenye ngoma zake. GarageBand ni bure kwa wa iPad. Cubasis 3 ya Steinberg iko pande zote mbili tangu 2020, na kama unarekodi kwaya yenye sauti nne na waimbaji wasiopungua mikrofoni zako, hiyo ndiyo ya watu wazima. Lakini ile ambayo pedi hizi zimeifanya ipae, ile iliyonifanya nicheke peke yangu kama mwehu, ni Koala. Programu ndogo, bei ndogo, inafanya kazi Android na iOS. Inachukua sauti kwa maiki ya kishikwambi chako, inaiweka kwenye pedi, na pedi zake kwenye kioo nazo zimepangwa nne kwa nne. Unazifundisha mara moja pedi ipi ya mpira ni pedi ipi ya kioo, na kuanzia hapo macho yako hayana kazi tena.

Sasa fikiria unafanya hivyo wapi. Singida! Nilianza na mashine ya kukamua alizeti, maana nani hapa hajasimama akisubiri mafuta yake na mashudu huku injini inatwanga? Ile injini ina besi ambayo hakuna kifurushi cha sampuli kutoka Ulaya kinayo. Kipande cha nusu sekunde, kishushwe kidogo, tayari una besidramu yenye moshi ndani yake. Gunia la vitunguu likidondoshwa kwenye turubai ni sinea. Mnada unakupa kelele za kupandishia kiitikio, mbuzi anakupa kile kilio cha juu ambacho singeli inakipenda. Upepo wa Julai ukipita kwenye miamba kando ya ziwa Singidani unakupa mvumo wa kutandika chini ya kila kitu, na maiki ya kishikwambi, kwa ubovu wake wote wa kushika upepo, kwa mara ya kwanza inakuwa sahihi. Nobu zile 6 nikazifunga kwenye vichujio na mwangwi. Unageuza nobu, mashine ya alizeti inaondoka kama inazama ziwani, unairudisha, unagonga. Jamani.

Halafu pedi zikakutana na mtu anayejua ngoma kuliko mimi.

Mama mkubwa wa rafiki yangu ni Mgogo wa Manyoni, amekulia kwenye muheme. Kwa wasioijua, muheme ni ngoma za wanawake: ngoma hubanwa katikati ya mapaja, hupigwa kwa mikono mitupu, wapigaji wengi kila mmoja na zamu yake, na mdundo unaotoka hapo usijaribu kuuhesabu kama hukuzaliwa nao. Wagogo wamewahi kukutana na mitambo, kumbukeni Hukwe Zawose wa Dodoma na albamu ya Assembly aliyoifanya na Michael Brook mwaka 2002. Lakini kukutana kwangu kulikuwa kwenye mkeka, uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho nacho kinapigwa?"

"Kinapigwa, mama. Jaribu."

Nilikuwa nimekiweka juu ya meza. Akakitoa mezani, akakipakata. Wala hakutumia ncha za vidole kama sisi tunavyoona kwenye video, alitumia vidole vyote vilivyonyooka, kiganja kikifuata. Alipiga taratibu, ikajibu taratibu. Akapiga kwa nguvu, ikajibu. Akanitazama.

"Kumbe kinasikia."

Nikataka kuruka. Lakini hakuwa amemaliza. Akapiga pedi moja katikati, akaipiga ukingoni, akarudia.

"Mbona katikati na pembeni ni sauti moja?"

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa pedi sawasawa. Ngoma ya ngozi ina sauti nyingi: katikati inatoa besi, ukingoni inatoa mlio mkali, na mpigaji wa muheme anaishi kati ya hizo mbili. Pedi ya mpira inajua nguvu tu, haijui umepiga sehemu gani ya uso wake. Kwa hiyo kila ngoma inahitaji pedi mbili. Tukarekodi ngoma zake kwa maiki ya kishikwambi, kila ngoma katikati na ukingoni, kwa upole na kwa nguvu. Mstari wa chini nikaweka mapigo ya katikati, mstari wa pili mapigo ya ukingoni ya ngoma zilezile, kila moja juu ya mwenzake. Sasa kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinashika mlio, na mkono mmoja unaendesha ngoma moja kamili kama inavyotakiwa. Mistari miwili ya juu ikabaki kwa makofi, kengele za miguuni na vigelegele. Benki ya pili ikachukua singeli yote. Ukihama kutoka benki A kwenda B unahama kutoka Manyoni kwenda Mburahati kwa kitufe kimoja, na mapigo ya muheme yakiongezwa kasi, wallahi, yanakaa ndani ya singeli bila kusukumwa.

Ndiyo maana nasema kitu kimoja kwa sauti kubwa kwa anayechagua pedi: usinunue taa, nunua hisia ya mkono. Swali la kwanza kwa kila kifaa ni hili, je, kinahisi nguvu ya kidole? Novation Launchpad Mini ya mwaka 2019, ile Mk3, ina pedi 64 za rangi zote za upinde wa mvua, nyembamba, nzuri, inatumia Type-C, na haihisi nguvu kabisa. Kwa kuwasha na kuzima lupu jukwaani ni tamu. Kwa kupiga ngoma, hapana, kila pigo lina nguvu ileile na mama yetu wa Manyoni angekurudishia. Dada yake, Launchpad X ya mwaka huohuo, inahisi nguvu na hata mkandamizo baada ya kugonga, lakini pesa yake ni nyingine, na pedi 64 ndogondogo ni finyu kwa mkono wa mpiga ngoma.

Korg nanoPAD2 ni nyembamba, nyepesi, pedi 16 katika mistari miwili ya nane nane, na ina kijiwanja cha kuteleza kidole kwa ajili ya madoido. Ingenifaa sana kama ningekuwa mtu wa safari za bodaboda kila siku kati ya Ilongero na mjini. Tundu lake ni lile la zamani la USB ndogo, hakikisha waya umo ndani ya boksi. Akai LPD8 ina pedi 8 na nobu 8, nayo ni ndogo, na kwa anayeanza pedi 8 zinatosha kabisa: besidramu, sinea, haihati mbili, makofi, na tatu za uchizi wako. Arturia BeatStep ya 2014 ina pedi 16 na nobu 16 na inaweza kukumbuka na kurudia mdundo yenyewe. Watu wa kujenga biti hatua kwa hatua wataipenda, mimi nataka kugonga. Zipo pia za Bluetooth zisizo na waya, na ujumbe wa MIDI hewani hauchelewi vibaya kama sauti ya spika, lakini bado ni kitu kingine cha kuchaji.

Mwalimu wa kwaya asinunue hata moja kati ya hizo. Achukue Akai MPK Mini, ile ya tatu iliyotoka 2020, yenye funguo 25 na pedi 8, ili mkono wa kulia umpe sauti ya kwanza na ya pili na mkono wa kushoto umpe mdundo. Funguo zake ni ndogo, wapigaji wa kinanda wenye vidole vinene watanuna, lakini kwa kufundishia sauti nne kabla ya mazoezi ni msaada mkubwa.

Kitufe cha Note Repeat nusura nikisahau, dhambi gani hiyo! Ukikishikilia na kukandamiza pedi, pigo linajirudia lenyewe kwa mgawanyo uliouchagua, na ukiongeza au kupunguza mkandamizo wa kidole, nguvu ya kila pigo inapanda na kushuka. Yale mafuriko ya haihati kwenye singeli, vidundo 16 kwa sekunde, hakuna kidole cha binadamu kinachoyafikia kwa muda mrefu. Kitufe kinayafikia huku umetulia. Sharti lake ni kwamba pedi ifuate saa ya programu. Programu inatuma mapigo 24 ya saa kwa kila pigo la muziki, na pedi inaifuata ukiiambia ifuate. Usipoiambia, itakwenda kwa kasi yake na programu kwa yake, na utadhani umelogwa. Full Level nayo inafanya kila pigo liwe la nguvu kamili, nzuri kwa besidramu ya singeli isiyojua adabu. Muheme ukiwashiwa kitufe hicho unakufa papo hapo.

Pedi hizi zinataka mkono, niseme wazi. Mpira wake ni mgumu kidogo kwa mtu aliyezoea kioo, na siku za mwanzo unaweza kuona vidole vimelegea. Mtu wa muheme hakuona tatizo lolote.

Vumbi! Kuanzia Juni hadi Oktoba mkoa huu unapeperuka, upepo wetu umewavuta hadi wanaotafuta umeme wa upepo, na ukiacha pedi wazi dirishani utakuta pembezoni mwa mpira kumejaa wekundu. Chini ya mpira kuna utando unaohisi mkandamizo, na vumbi likifika hapo pedi huanza kubagua mapigo. Khanga iliyokunjwa mara mbili inatosha kuifunika. Usimwagie maji wala spiriti, futa kwa kitambaa kikavu.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kishikwambi chako mwenyewe na programu yoyote inayoonyesha ujumbe wa MIDI kwa nambari. Gonga kila pedi kwa upole, kwa wastani, kwa nguvu, na uangalie nambari zinavyopanda. Pedi inayoruka kutoka 20 hadi 127 bila kupitia katikati imechoka. Ukigonga moja na jirani yake ikaitika, achana nayo. Tikisa waya kwenye tundu lake huku unagonga, kwa sababu tundu likilegea kila safari ya bodaboda itaimalizia. Na ukiulizia dukani sema "pedi za muziki", la sivyo utaelekezwa duka la dawa.

Muuzaji akikuambia kwa pesa kidogo ya ziada anakupa na begi lake maalumu, mwambie asante kaka, begi la shule lipo. Pesa hiyo nenda kanunulie habu yenye tundu la chaji na la hedifoni, na ijaribu palepale kaunta, pedi, pawa benki na hedifoni zikiwa zimechomekwa kwa pamoja, kabla hujatoa hata noti moja.